Mjomba, shida sio kocha, shida ni tarehe

Mjomba shikamoo,

Najua hii itakufikia tu, maana kila nikiandika kitu kuhusu Man U lazima kuna mtu anakutumia, halafu wewe unanijibu kwa voice ya dakika saba ambayo dakika mbili za mwanzo ni kuguna tu. Sasa leo nimeamua nikujibu hadharani ile voice yako ya mwisho, ile ya "timu ikipigwa mechi tatu mfululizo kocha aondoke, mbona rahisi". Mjomba, sio rahisi. Na sibishi kwa sababu nawaonea huruma makocha, hapana, wengine wanaondoka wamechelewa kabisa. Nabisha kwa sababu nilikaa nikapanga tarehe za timu yako moja baada ya nyingine na nikakuta kitu kinaudhi kuliko hata vile vipigo.

Anza na hii. Julai 2021 kocha wenu Solskjaer anaongezewa mkataba mpaka 2024. Oktoba Liverpool wanakuja Old Trafford wanaondoka na 5-0, Novemba Watford wanampiga 4-1, kesho yake hana kazi. Miezi minne tangu asaini. Ukasema bahati mbaya, sawa, mpira una mambo yake. Sasa ruka miaka mitatu. Julai 2024 kocha mwingine, Ten Hag, anaongezewa mkataba mpaka 2026, tarehe 28 Oktoba hana kazi, timu iko nafasi ya 14 na pointi 11 kwenye mechi tisa. Kalamu ilishikwa mwezi uleule! Na hapo katikati mabosi wa upande wa mpira walishabadilika, kina Ratcliffe, yule tajiri aliyenunua hisa za klabu, walishaingia, watu wapya kabisa, lakini kosa ni lilelile kama vile wale wa zamani walilisahau kwenye droo na hawa wapya wakalikuta wakadhani ni la kutumia.

Ndo maana nasema shida ni tarehe. Hawa jamaa wanaamua wakiwa na furaha au wakiwa na hasira, basi, hakuna wakati wa tatu.

Msimu wa 2023/24 Ten Hag alimaliza wa 8, timu yenu haijawahi kumaliza chini hivyo tangu Premier League ianze (mpaka wakati ule, ya msimu uliofuata tutayafikia, vuta subira). Magoli waliyofungwa yalizidi waliyofunga. Kila mtu alikuwa anajua anaondoka. Halafu tarehe 25 Mei akamfunga City 2-1 fainali ya Kombe la FA, magoli ya Garnacho na Mainoo, wewe ukanipigia simu unapiga kelele mpaka spika ikakwaruza. Sikulaumu, ile ilikuwa raha kweli. Ila wewe ni shabiki, wewe kazi yako ni kupiga kelele! Yule mwenye kalamu hakutakiwa kupiga kelele na wewe. Dakika 90 nzuri zikafuta mechi 38 mbaya, akaachiwa timu, akaongezewa mkataba, wakamletea de Ligt, Zirkzee, Mazraoui, Yoro na Ugarte, mamilioni juu ya mamilioni, alafu mechi tisa za ligi tu wakamuondoa na kumlipa yeye na benchi lake pauni milioni 10.4. Hapo sijagusa zile milioni 4.1 zilizomhusu Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo waliyemsubiri miezi na miezi, akaanza kazi Julai, akaondoka Desemba. Huyo hakufungwa na mtu, hata filimbi hakuwa nayo.

Na usiniambie kombe la FA ndo linalinda kocha, maana van Gaal alilibeba hilohilo 2016 na siku mbili baadaye akafungashiwa virago.

Nikukumbushe na ya Machi 2019 maana wewe ulikuwa kiongozi wa kwaya. Solskjaer alipokuja kushikilia timu alishinda mechi 14 kati ya 19, akaenda Paris akawatoa PSG kwa 3-1, na kabla mwezi haujaisha wakampa mkataba wa miaka mitatu. Kulikuwa na haraka gani? Zilibaki wiki chache tu msimu uishe, nani alikuwa anamgombania? Wangesubiri hata mpaka Mei wangemuona anamaliza msimu kwa kupigwa 2-0 nyumbani na Cardiff iliyokuwa imeshashuka daraja. Sisemi wasingempa kazi. Labda wangempa tu. Lakini wangempa wakiwa wameona vyote viwili.

Sasa tuje kwa Amorim, aliyeletwa baada ya Ten Hag, ambaye wewe unamlaumu kuliko wote na mimi namlaumu nusu tu. Huyu mwenyewe alisema alitaka kuja mwisho wa msimu, akaambiwa ni sasa au basi. Novemba! Kocha wa mabeki watatu na wing-beki wawili (wale wa pembeni wanaopanda kushambulia na kushuka kukaba), mtu ambaye dunia nzima inajua habadilishi mfumo hata umshikie fimbo, unamleta katikati ya msimu kwenye kikosi kilichosajiliwa kwa mawinga. Rashford, Garnacho, Antony, wote watu wa kukaa pembeni kwenye chaki, kwenye ule mfumo hawana hata pa kuweka kiti, na wote watatu wakaondoka, Rashford Villa kwa mkopo, Garnacho Chelsea, Antony Betis. Wing-beki wa kushoto wa ukweli, Dorgu, amekuja dirisha la Januari linafungwa. Kabla ya hapo akina Dalot na Mazraoui wanapigishwa winga ya kushoto na mguu wa kulia, kila krosi mpaka mtu ajigeuze kwanza kama lori kwenye uchochoro. Wakamaliza wa 15, pointi 42. Ile fainali ya Europa kule Bilbao, mjomba, samahani lakini ile ilikuwa mechi ya timu ya 15 na Spurs waliokuwa wa 17, na mkafungwa na ya 17. Halafu Agosti 2025 Grimsby, timu ya daraja la nne, penalti 12-11. Sitaongeza neno, nakuheshimu.

Unaweza kusema mfumo wenyewe ni mbovu. Mbona kocha Glasner alichukua Crystal Palace Februari 2024, naye katikati ya msimu, naye mabeki watatu, na Mei 2025 akabeba Kombe la FA kwa kumfunga City 1-0, kombe kubwa la kwanza la Palace tangu wazaliwe? Angalia alichokikuta. Muñoz tayari yupo upande wa kulia, wamemnunua Januari hiyohiyo, mtu anapanda na kushuka mpaka unachoka wewe unayeangalia. Mitchell yupo kushoto. Kwahiyo kubadilisha kocha katikati ya safari sio dhambi. Hata Villa walimtoa Gerrard wakamleta Emery, mechi yake ya kwanza akawapiga nyie 3-1, wakiwa kule chini akawatoa mpaka nafasi ya 7, msimu uliofuata nafasi ya 4 na Champions League. Wale walimchagua mtu wa kazi iliyokuwepo mezani. Kwenu anachaguliwa anayesifiwa wiki hiyo.

Ila sitaki ujione uko peke yako msibani. Nottingham Forest walimaliza wa 7 na kocha Nuno, timu ya kukaa nyuma na kuchomoa kwa kasi, wakagombana naye, Septemba 2025 wakamleta Postecoglou ambaye mabeki wake wanakaa karibu na katikati ya uwanja. Yaani umechukua watu uliowafundisha kuogelea ukawaletea mwalimu wa baiskeli. Siku 39, mechi nane, hajashinda hata moja, kwaheri. Na huyohuyo Postecoglou ndo aliyewapa Spurs lile kombe la Europa, la kwanza baada ya miaka 17, akafukuzwa siku 16 baadaye kwa sababu ligi alipoteza mechi 22. Hapo kwa Spurs sijui hata nisimame upande gani, nabadilisha msimamo kila nikiiwaza. Leeds 2023 ndo kali zaidi, walimtimua Gracia zikiwa zimebaki mechi nne, wakamuita Allardyce, akapata pointi moja, wakashuka.

Ile hoja yako ya "kocha mpya analeta upepo" naijua, na upepo huwa unaonekana kweli. Ila kuna mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichukua ligi ya kwao kuanzia 1986 mpaka 2004, akalinganisha timu zilizofukuza kocha na timu zilizokuwa kwenye hali mbaya ileile lakini hazikufukuza. Zote zilipanda karibu sawa. Timu inafukuza ikiwa imefika chini kabisa, na kutoka chini kabisa pa kwenda ni juu tu. Ni kama mafua, umekunywa dawa siku ya tano, siku ya saba umepona, unaisifia dawa.

Kwahiyo ombi langu ni dogo. Siku nyingine mkipigwa tatu mfululizo, kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi, niambie vitu viwili tu: nani anakuja, na beki wako wa kushoto atacheza wapi akija. Ukinijibu hivyo viwili nakuunga mkono hata kama ni saa sita usiku, nitakusaidia kutukana. Usiponijibu nitaweka simu chini niendelee na usingizi wangu, na anti nimeshamwambia, yuko upande wangu.

Mpwa wako.