Barua kwa Mama Kulwa

Mama Kulwa, mwangaluka!

Habari za Geita? Sisi hatujambo, mguu wa mama tu ndio unasumbua. Najua nimekaa kimya, lakini na wewe je?

Nakuandikia kwa sababu ya Kigongo. Tangu lile daraja la Busisi lifunguliwe Juni 2025, biashara yangu kivukoni imekufa. Zamani magari yakipanga foleni abiria walishuka wenyewe, sato na ugali vikaisha mapema. Sasa mtu anavuka kwa dakika chache, hata harufu ya jiko haimfikii. Kulichukia siwezi, maana mama alipozidiwa usiku, daraja hilohilo ndilo lililomwahisha hospitali ya Bugando.

Nilimlalamikia baba, akanicheka. Eti babu alikwenda umanamba Tanga kukata mkonge apate kodi ya mkoloni, na wazee wakamwita mpotevu. Akarudi, akalima pamba enzi za akina Bomani, wakulima walipochoka na mizani ya wachuuzi wakaunda ushirika wao. Baba mwenyewe akaingia Mwatex, kiwanda cha nguo, kilipofunguliwa, akadhani mshahara hauna mwisho. Kisha miaka ya 1990 kaka zangu wakakimbilia viwanda vya sangara. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa. "Kazi hupita, mwanangu," anasema, na kahawa mkononi. Rahisi kusema ukishastaafu!

Nami nikamjibu, kwa adabu: babu alipotoka kwenye mkonge alikuta shamba. Wewe ulipotoka kiwandani ulikuta shamba la babu. Mimi nikitoka kivukoni nakuta nini? Tuligawana, tukauza, leo pale ni viwanja na mabati. Hakunijibu, aliomba sukari. Mdogo wangu naye anasema simu yake ndiyo shamba, bodaboda anaitiwa humo humo. Haya, lakini pikipiki yenyewe ni ya mkopo.

Kivukoni sirudi tena, nimeamua. Sasa niambie, hapo karibu na standi kuna kibanda cha kupanga? Kodi wanataka ya miezi mingapi? Wachimbaji wanalipa taslimu au ni wa "andika kwenye daftari"? Samaki wanafika wabichi, au nije na dagaa? Naweza kulala kwako mwezi wa kwanza? Na yule fundi wa Igogo, amekurudishia ile hela au bado anakwepa simu?

Wako,
Mama Doto