Barua kwa Mwanaidi: jedwali la Zuhura

Ngamiani, Tanga
14 Juni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, masika yametuachia mbu tu.

Jedwali la mwanao Zuhura la kulinganisha seli nimelisoma, halina kosa: seli ya mmea ina ukuta, kloroplasti na vakuoli kubwa, yaani mfuko wa maji ndani ya seli, ya mnyama haina. Ila akilikariri hivyohivyo, litamtoka siku ya pili baada ya mtihani.

Mwambie aanzie kwenye ukuta. Seli zote zina utando mwembamba unaopitisha maji. Ukitia chembe nyekundu za damu kwenye maji matupu, zinavimba mpaka zinapasuka. Ndiyo maana dripu ya chumvi ya hospitalini huwa na chumvi asilimia 0.9. Seli ya mchicha nayo huingiwa na maji, yakajaa kwenye vakuoli, lakini nje ya utando upo ukuta wa selulosi unaoubana, kama tairi linavyoibana tyubu. Haipasuki, inakakamaa. Si unawaona wauza mboga wanavyounyunyizia maji mchicha uliolegea, ukasimama tena? Mmea hauna hata mfupa mmoja, shoga, na umesimama!

Sisi wa Tanga ukuta huo ndio uliotusomesha. Jani la mkonge likipita kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, nyama yote ya kijani hutoka, zikabaki singa, yaani nyuzi. Na singa ni kuta za seli zilizokwisha kufa, zimeshikamana. Tangu yule Mjerumani, Hindorf, alete miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, tunachouza ni kuta hizo. Marehemu baba alizianika miaka na miaka, wala hakuna aliyemwambia ni nini.

Jambo moja Zuhura asilikubali: eti mmea una kloroplasti, kwa hiyo hauhitaji mitokondria. Unazo zote. Kloroplasti hutengeneza chakula kwa mwanga. Mitokondria hutoa nguvu kwenye chakula hicho, usiku na mchana. Na kitunguu wanachokitazama kwenye hadubini hakina kloroplasti, lakini wanafunzi huzichora kwa kuwa kitabuni zimo. Achore anachokiona.

Likizo ya Desemba mlete. Nitamdondoshea maji ya chumvi kwenye ganda la kitunguu chekundu, aone utando ukinywea na kuachana na ukuta, ukuta wenyewe umebaki palepale.

Shemeji msalimie, na ile kanga yangu usiisahau.

Wako,
Mwanahamisi