Vijiji vya mwambao visaidiwe kutunga sheria ndogo za moshi wa sigara

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu moshi wa sigara kwenye mialo ya Ziwa Victoria. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama, na siku hizi huwasaidia majirani kuandika barua na mihtasari ya vikao.

Mwaka jana kijiji kimoja cha mwambao kilichoka. Wanawake wanaochambua dagaa hukaa chini ya banda la bati, baadhi yao wakiwa na watoto mgongoni, na wavuvi wanaorudi alfajiri, wamelowa na wanatetemeka kwa baridi, hujibanza humo humo wakivuta sigara huku wakisubiri ndoo zao zihesabiwe. Halmashauri ya kijiji ikapiga marufuku, ikaandika muhtasari, ikabandika ubao wenye maandishi mekundu, na wiki ya pili ikamtoza faini kijana mmoja. Kijana huyo aliuliza swali moja tu: sheria hiyo imeidhinishwa na nani? Hakuna aliyekuwa na jibu. Fedha zake zikarudishwa, na ubao ule leo ni meza ya kuuzia vocha na sigara moja moja.

Kijana alikuwa na haki. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, lakini inataka wananchi wasikilizwe kwanza mkutanoni na halmashauri ya wilaya iidhinishe. Muhtasari, hata ukigongwa muhuri mara tatu, haugeuki kuwa sheria. Rasimu inapaswa kutaja mahali, kosa, adhabu na msimamizi, tena isipingane na Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003.

Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji anapokwama. Sheria hiyo ya 2003 inaruhusu kutengwa sehemu za kuvutia sigara, ilhali miongozo ya Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, inasema wazi kwamba kutenga chumba au kufunga feni hakumkingi asiyevuta. Je, kijiji kinaweza kwenda mbali kiasi gani? Hilo ni swali la mwanasheria. Wakazi wa Kunduchi Mtongani walipolishitaki Jiji la Dar es Salaam mwaka 1991 kwa sababu ya dampo la taka, Mahakama Kuu iliihusisha hewa chafu na haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Sidhani kama kuna mtendaji wa kijiji aliyewahi kuambiwa jambo hilo.

Wenye sigara, kwa upande wao, hawana uhaba wa mawakili. Majirani zetu wa ziwa hili hili, Kenya na Uganda, walifikishwa mahakamani na kampuni ya sigara kwa sababu ya sheria na kanuni zao, na serikali zote mbili zilishinda mwaka 2019. Serikali ina Mwanasheria Mkuu. Kijiji kina daftari.

Marekani ipo taasisi ya Public Health Law Center, katika jimbo la Minnesota, ambayo wanasheria wake huzisaidia jamii na serikali za mitaa kuandika kanuni za aina hii na kuzifanya zisimame mahakamani. Sisi tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria, ila ninaowafahamu mimi wanaelemewa na mirathi, ndoa na mipaka ya mashamba.

Ninaziomba halmashauri za Magu, Sengerema na Ukerewe ziwatume maofisa sheria wao waandae rasimu moja ya mfano, ambayo kila kijiji chenye mwalo kitaijadili na kuirekebisha. Atakayeuliza kuhusu mkulima wa tumbaku wa Tabora ajue kwamba hakuna anayemgusa. Tunazungumzia banda la dagaa.

Wananchi wa kijiji kile wameandika upya kurasa mbili kwa mkono, na nakala ninayo. Wanataka mtu wa kuzipitia kabla ya mkutano mkuu wa kijiji ujao.

Karani mstaafu,
Ilemela, Mwanza