Mama Idi, tusiipoteze nafuu ya ada ya chuo

Mpendwa Mama Idi,

Salamu nyingi, shoga. Huku wazima, na Mzee Komba ametoka hospitali, anakula vizuri. Ujumbe wako wa sauti, kuhusu fomu yako ya kodi iliyorudishwa na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), nimeusikiliza wote, nikaona heri niandike, maana namba hazishikiki kwa simu.

Kwanza, usimgombeze Idi. Alipojaza fomu yake ya kodi, programu ilimwuliza kama kuna mtu anayeweza kumweka tegemezi, yaani mtu anayemtunza, kwenye fomu zake, akajibu hapana kwa sababu ana kazi. Vijana wengi hujibu hivyo. Lakini kuwa na kazi hakumwondoi kwako. Ana miaka 20, ni mwanafunzi wa muda wote, na hajajilipia zaidi ya nusu ya gharama zake za maisha. Miezi anayolala bwenini inahesabiwa kama yuko nyumbani. Basi ni tegemezi wako, hata mshahara wake ungekuwa mara mbili ya huo.

Nalikazania hili kwa sababu ya ile nafuu ya American Opportunity, inayopunguza kodi ya anayesomesha. Inafika dola 2,500 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 2,000 za kwanza za ada zinahesabiwa zote, 2,000 zinazofuata robo yake. Hata kodi yako ikifutika yote, hadi 1,000 unaweza kupewa mkononi. Anayemweka Idi tegemezi ndiye anayeidai, hata kama sehemu ya ada kailipa Idi mwenyewe. Na wewe kwa kuwa kipato chako hakifiki 80,000, haipunguzwi hata senti.

Sasa pale ulipokwama. Kwenye 1098-T, ile karatasi ya ada inayotoka chuoni, kisanduku cha 1 kina 6,000 za ada, cha 5 kina 6,000 za Pell Grant (msaada wa serikali kwa wanafunzi wenye uhitaji), na yule jamaa anayekujazia fomu akakwambia hamna kitu. Hapana, dada, hesabu haijaisha hapo. Pell inaweza kulipia ada, na inaweza kulipia chakula na malazi pia. Idi akihesabu 4,000 kuwa zimekwenda bwenini, zinakuwa kipato chake, anaziandika kwenye Schedule 1, kiambatisho cha fomu ya kodi, mstari wa 8r. Hapo 4,000 za ada zinabaki kuwa mmelipa ninyi, na wewe unapata 2,500 kamili. Yeye je? Mshahara 7,200 na hizo 4,000 ni 11,200. Kwa mwaka 2025 kipato cha namna hiyo hakitozwi kodi ya serikali kuu mpaka kivuke 15,750. Hadaiwi kitu. Kodi ya jimbo iangalieni kivyake.

Ila masharti ya msaada lazima yaruhusu. Kama kuna ufadhili mwingine wa chuo ulioandikwa kuwa ni wa ada tu, huo hauhamishiki. Na bweni na chakula viwe vimegharimu kiasi hicho kweli.

Vitabu navyo vinaingia, hata vya kununua nje ya chuo, mradi ni vya masomo yake. Nauli na bima ya afya haviingii. Weka risiti, kwa sababu IRS wakikuona umedai kwa kutojali sheria, wanakufungia nafuu hiyo miaka 2.

Kurekebisha: Idi ajaze 1040-X, fomu ya kusahihisha iliyokwisha tumwa, aweke alama kuwa anaweza kuwekwa tegemezi, aongeze zile 4,000, na kama alidai nafuu ya elimu aiondoe. Kodi ya mapato aliyokatwa, ile ya kisanduku cha 2 cha W-2 (karatasi ya mshahara kutoka kwa mwajiri), bado ni yake yote. Makato ya Social Security na Medicare (pensheni na matibabu ya uzeeni) hayarudi, asiyasubiri. Wewe umerudishiwa fomu kwa sababu namba yake imeshatumika. Ichapishe, ambatanisha 8863, fomu ya kudai nafuu hiyo, yenye namba ya kodi ya chuo (iko kwenye 1098-T), tia sahihi, tuma kwa posta kabla ya Aprili 15. Na usisahau zile 500 za kuwa na tegemezi mkubwa, nazo ni zako.

Na huyo anayekutoza asilimia ya utakachorudishiwa, mwache kabisa. Nenda VITA, wale wa kujitolea wanaosaidia watu kujaza fomu za kodi, ni bure, na kazi zao huangaliwa mara ya pili kabla ya kutumwa.

Sasa nijibu upesi, maana kuna mambo yanaweza kubadilisha hesabu yote. Nafuu hii umeshaidai mara ngapi kwa Idi? Mwisho ni miaka 4. Ada ya muhula wa Januari ililipwa Desemba au mwaka huu? Barua ya ufadhili inasemaje, neno kwa neno? Baba yake hajamweka kwenye fomu zake kweli, umemwuliza? Na Salma naye anaanza chuo Agosti, au ameahirisha?

Wako,
Mama Zuhura