Zoezi la pedali za baiskeli za kunasa viatu: siku imebadilika

Habari zenu wanakikundi. Tutakutana Jumapili saa 1:00 asubuhi, si Jumamosi tena, kwenye uwanja wa nyasi. Nyasi makusudi: wengi huanguka baiskeli ikiwa imeshasimama, mguu umenasa!

1. Fungeni kliti (kipande kinachonasa kwenye pedali) kwenye soli mapema, pale unyayo ulipo mpana zaidi. Kazeni sawasawa, ikilegea, kiatu huzunguka na pedali haiachii.
2. Wenye SPD (aina ya pedali za kunasa za Shimano), legezeni skrubu ya mkazo iliyo kwenye pedali kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya mm 3. Ninayo, msinunue.

Kujinasua ni kusukuma kisigino nje, si kuvuta mguu juu, tena kabla hujasimama.

Tafadhali thibitisheni hapa kufikia Ijumaa jioni: unakuja? Una pedali gani? Asiye na viatu ataje saizi, tutaazimana.