Barua kwa Neema: kuutafuta uvimbe wa parathairoidi kabla ya kisu

Mpendwa rafiki yangu Neema,

Salamu nyingi. Umeuliza uanze na kipimo gani kuutafuta uvimbe wa parathairoidi (vitezi vinne vidogo vya shingoni, nyuma ya thairoidi, vinavyoongoza kalsiamu ya damu) kwa mgonjwa wako. Kwanza damu iwe imekwisha kusema: kalsiamu iko juu, na PTH, homoni ya parathairoidi, iko juu au imekataa kushuka kama ilivyopasa. Picha haithibitishi ugonjwa, humwonyesha mpasuaji pa kuanzia tu. Nakusihi ulishike hili, maana wako wanaorudishwa nyumbani kwa kuwa skani ni safi, na ugonjwa wanao.

Anza na altrasaundi. Mlaze chali, mto chini ya mabega ili shingo inyooke, proba bapa ya megahezi 10 hadi 15. Shuka toka pembe ya taya mpaka juu ya kidari, kisha inamisha proba ichungulie nyuma ya mtulinga. Uvimbe huwa mweusi kuliko thairoidi, umbo la yai, na Dopla, yaani altrasaundi ya mtiririko wa damu, huonyesha mshipa ukiuingilia nchani. Tezi la limfu lina kitovu cheupe cha mafuta, na mshipa wake hupita hapo. Wengi hukosea hapa. Kilichojificha nyuma ya bomba la hewa au ndani ya kifua hutakiona, kwani mawimbi hayavuki hewa wala mfupa.

Kwa hiyo ongeza skani ya sestamibi, dawa ya sindano yenye teknetiamu ya mionzi, kama megabekereli 740 (kizio cha mionzi). Picha ya kwanza dakika 10 hadi 15 baada ya sindano, ya pili baada ya saa moja na nusu hadi mbili. Thairoidi huiachia dawa mapema. Uvimbe huing'ang'ania, seli zake zikiwa zimejaa mitokondria. Vinundu vya thairoidi navyo huweza kuishika na kukudanganya, na tezi ndogo, au zote nne zikikua pamoja, mara nyingi hazijitokezi. Omba SPECT-CT, yaani picha ya mionzi ya pande tatu ikiunganishwa na CT, na picha ifike usawa wa moyo: tezi za chini hushuka pamoja na thaimasi (tezi la kifuani) mtoto akiwa tumboni mwa mama, nyingine hupitiliza. Kapteni Charles Martell wa Marekani alipasuliwa mara kadhaa bila mafanikio, hadi uvimbe ulipopatikana kifuani, Boston, mwaka 1932.

Vipimo viwili vikipingana, nenda kwenye CT ya awamu: kabla ya kontrasti (dawa ya kung'arisha picha), sekunde 25 hadi 30 baada yake, kisha 60 hadi 80. Uvimbe huanza hafifu, huwaka, halafu hufifia haraka. Angalia kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, kwanza, kwa ajili ya kontrasti. Baadhi yao figo zimeshaumizwa na mawe. PET ya kolini, skani nyingine ya mionzi, ikipatikana, huona hata vidogo.

Vyote vikitoka tupu, usifute operesheni. Mpasuaji mzoefu akague pande zote mbili, PTH ipimwe mezani: ishuke zaidi ya nusu dakika 10 baada ya kuutoa uvimbe.

Kwenye fomu ya kuomba picha andika viwango vya damu, operesheni za shingo alizopata, na vinundu vinavyojulikana. Msomaji wa picha asiyeambiwa haya anatafuta gizani.

Wako,
Zuhura