Mwanangu, kula kwanza

Mwanangu mpendwa,

Huku Kibosho hatujambo, baba yako anakusalimu. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unanijibu "sawa mama, sawa mama", halafu mtandao unakatika. Barua utaisoma yote.

Mkeo ameniambia. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana, maana sauti yake siku ile haikuwa ya mtu aliyelala. Amesema Jumamosi mlipotoka kwenye kikao cha harusi mikono ilikuwa inakutetemeka, shati limelowa jasho na mwili wa baridi, unaongea maneno yasiyoshikana. Wenzako wakamwambia mwache alale, bia zimemzidi. Na ulikuwa umekunywa nne. Nikamuuliza, siku hiyo alikula nini? Akanyamaza kwanza, ndipo akasema chai ya rangi asubuhi na matango mchana. Ijumaa pia hukula jioni. Ugali na samaki wako vilibaki kwenye hotpoti mpaka asubuhi, kwa sababu, kama ulivyomweleza yeye, unaziachia bia nafasi.

Nakuomba, na ni ombi la mama, usinywe pombe na tumbo tupu. Hata moja. Yote mengine nitakayoandika humu unaweza kubishana nayo, hili usibishane nalo.

Usije ukadhani napinga kupungua kwako. Picha uliyotuma nimewaonyesha akina mama wote wa jumuiya. Kutoka kilo 108 mpaka 97, na shingo imeonekana! Mama mkubwa aliuliza kama unaumwa, nikamjibu haumwi, anaamka saa kumi na moja anatembea kabla ya kazi. Unajua watu wa huku, mtu akipungua wanafikiri mambo yamemwendea kombo. Mimi nimefurahi sana. Babu yako alikufa kwa kiharusi, baba yako ana sukari, na wewe ulianza kuota kitambi hata thelathini hujafika. Sahani zile za kurundika nilizipakua mimi, najua. Kwa hiyo punguza, tena endelea.

Lakini hesabu yako, mwanangu. Mkeo amenieleza jinsi unavyopiga. Bia moja ya nusu lita ni kama kalori 200, nne ni 800, basi unaondoa chakula cha jioni ili siku isipite kiwango. Kwenye karatasi hesabu inakubali, na ndiyo maana inanitisha, kwa sababu mtu mwenye akili akishaona hesabu imekubali haulizi tena. Ini halijui karatasi yako. Ini lina akiba ya sukari ya kukupitisha saa kadhaa bila kula. Akiba ikipungua linatengeneza sukari nyingine ili ubongo usikose. Ukimimina pombe wakati huo, inaizuia ile kazi ya kutengeneza sukari, na ini linashughulika na pombe kwanza, maana mwili hauna ghala la kuiweka. Akiba imekwisha, mpya haitengenezwi, ndipo jasho, ndipo kutetemeka, ndipo maneno yasiyoshikana. Sikuwepo Jumamosi na sikukupima, lakini nimefanya kazi wodini miaka mingi, na nilivyosimuliwa sikuweza kulala.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Usiku wa sikukuu walikuwa wanatuletea vijana, wengine wamelala kwenye benchi la baa tangu saa tatu, marafiki wakisema atalevuka mwenyewe. Mmoja namkumbuka, kijana wa umri wako wa sasa, mikono ya baridi kama samaki wa kwenye barafu, fulana unaweza kuikamua. Kila aliyempita alisema amelewa, na harufu ya gongo ilikuwepo kweli. Tulipomtoboa kidole kupima, sukari ilikuwa chini kabisa. Tukampa glukosi kwenye mshipa, baada ya dakika chache akafumbua macho akauliza yuko wapi. Hakuwa amekula tangu jana yake. Mlevi na mtu aliyeshukiwa na sukari wanafanana mno kwa macho, na watu walio naye ndio wanaoamua aende hospitali au afunikwe koti. Wenzako wa Jumamosi walikuwa wanakufunika koti.

Ndiyo maana mkeo nimemfundisha, na wewe ujue. Likitokea tena, na Mungu apishe mbali, kama unaweza kumeza akupe soda ya kawaida yenye sukari au maji ya sukari, halafu ule chakula hasa. Kama huitiki, asikutie kitu mdomoni, akulaze ubavu na akukimbize hospitali, tena awaambie wapime sukari. Glukomita ya baba yako ya zamani bado nzima, vijiti vyake tu vimekwisha muda. Ukija utaichukua ununue vipya.

Halafu hata huko kupungua kwenyewe, unajidanganya. Mkeo anasema unajipima Jumapili asubuhi na unafurahi mzani umeshuka. Pombe inakojoza, mwanangu, unapima maji uliyoyapoteza. Jumanne yamerudi. Mwili ukiwa unachoma pombe, mafuta unayaweka kando yangoje zamu yao, na bia moja ya nusu lita inalichukua ini kama saa mbili kuimaliza. Nne ni usiku mzima. Na mlo ulioutupa ndio uliokuwa na samaki na maharage ya kulinda misuli yako. Umeondoa chakula ukabakiza bia. Kama lazima kitu kiondoke, kwa nini kisiwe chupa mbili?

Hapo kwa kweli umenikera. Wewe mwenyewe ulisoma, tena masomo ya hesabu, na kutembea kwako saa nzima asubuhi kunachoma kama kalori 300. Chupa nne zinameza matembezi ya zaidi ya saa mbili na nusu. Unaamka gizani, mkeo anabaki na wasiwasi wa vibaka, halafu jasho lote hilo unalikabidhi kwenye meza ya kikao.

Nasikia pia unataka kuhamia Konyagi kwa sababu haina sukari. Sukari haina, ni kweli, ila kilevi chenyewe ndicho kalori. Gramu moja ya pombe ni kalori 7, gramu ya sukari ni 4. Kichupa cha mililita 200 chenye kilevi cha asilimia 35 kinakaribia kalori 390, kabla hujaongeza soda ya kuchanganyia. Na kali inapanda haraka zaidi kuliko bia, ukiwa hujala ndiyo kabisa. Tafadhali iache. Serikali ilipopiga marufuku viroba mwaka 2017 nilishukuru, maana pombe kali inayotosha mfukoni ilitumalizia vijana.

Sikuambii uache pombe kabisa. Ungeacha mpaka ufike kwenye kilo 85 zako ningefurahi, na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho hakina hatari yoyote kwa afya. Lakini nimekaa Uchagani maisha yangu yote, najua mbege ipo kwenye ubatizo, ipo kwenye mahari, ipo kwenye kusuluhisha ugomvi wa mipaka, siwezi kukutuma mahali nisipoweza kukufikisha. Wazee wa zamani walikunywa mbege iliyotengenezwa kwa ndizi na ulezi, nzito, na walikuwa wametoka shambani wamekula kiburu au mtori. Kata inazunguka mnazungumza, haikimbizwi. Hicho kiasi unakiweza.

Fanya hivi. Vikao vya harusi ya mtoto wa shangazi yako vya katikati ya wiki, kunywa maji. Wewe ni mweka hazina, michango ya watu ihesabiwe na mtu mwenye macho makavu, na hakuna atakayekulaumu kwa hilo. Jumamosi kunywa mbili, umekula kwanza nyumbani: samaki au mayai, mboga nyingi, ugali wa kiasi cha ngumi yako. Chakula kinaichelewesha pombe tumboni, haiingii kwenye damu kwa mkupuo. Katikati ya chupa na chupa weka maji. Na zile raundi! Mtu anatoa raundi, mhudumu anapanga chupa mbele yako na kuzifungua zote, unaona aibu kuziacha. Mwambie asifungue ya pili kabla ya ya kwanza kuisha, na ikishafika ya tatu mwambie airudishe kaunta. Watakusema wiki ya kwanza, wiki ya pili watazoea. Kama njaa ikikubana hapo hapo, kula mishikaki na kachumbari, usingoje saa sita za usiku ukaangukia chipsi mayai. Kwanza pombe yenyewe inaamsha njaa, hilo nalo liweke kwenye hesabu zako.

Harusi ndiyo naiogopa zaidi. Itakuwa Desemba, watu wote wamerudi Moshi, kreti zinashushwa mezani kabla bwana na bibi harusi hawajaingia ukumbini, na chakula hakitoki mpaka saa nne au saa tano. Wewe kamati utakuwa umekimbia tangu alfajiri. Utapita hapa nyumbani saa kumi na mbili jioni, nitakuwa nimekuwekea ndizi nyama, utakula nikiona kwa macho yangu, ndipo uende. Usiniambie umechelewa.

Baba yako nimemsomea ukurasa wa kwanza. Hakusema kitu, ila jioni alikula chakula chake chote kabla hajaigusa glasi yake, na yeye kwa dawa zile za kushusha sukari nimemkataza hata hiyo glasi tangu mwaka juzi. Ongea naye, wewe anakusikia.

Mambo ya huku: ng'ombe amezaa ndama jike, mweupe kifuani, mdogo wako ndiye aliyemzalisha usiku na daktari wa mifugo alikuta kazi imekwisha. Pesa uliyotuma ilitosha dawa na pumba. Kahawa mwaka huu imechanua vizuri upande wa juu, upande wa mgombani imepata kivuli kingi, nimewaambia wapunguze migomba. Mfongo, ule mfereji wetu wa maji, umeziba tena kwa jirani na kikao cha kuuzibua kimeahirishwa, kwa hiyo maji tunayapata usiku tu. Koki ya tenki inavuja. Nunua ya shaba huko Kariakoo, ya inchi moja, za plastiki hazimalizi msimu. Ada ya mdogo wako ya muhula ujao imebaki kidogo, usijibane kwa sababu yake, pesa ya maziwa inaelekea kutosha.

Mjukuu wangu naambiwa ameanza kukuiga, anakaa mezani hali, anasema yuko dayati kama baba. Mtoto wa miaka sita! Kaa naye ule. Ijumaa na Jumamosi saa moja jioni nitampigia mkeo kuuliza kama umekula. Nitafanya hivyo mpaka harusi ipite, ukichukia chukia.

Jambo la suti. Usinunue mpya, harusi hii imeshawagharimu vya kutosha. Lete ile ya kijivu uliyoolea, fundi wa hapa sokoni ataipunguza kiunoni na mabegani kwa siku mbili. Nitumie vipimo vyako kwanza, mkeo akupime kwa futi, kiuno na kifua, umesimama wima na umeshakula.

Mama yako